Meza ya Duara kwa Bi Korongo

Paukwa!

— Pakawa!

Meza?

— Ya duara!

Kiti?

— Cha mgeni!

Milango mingapi?

— Mmoja!

Mmoja, eti. Haya, shikeni hivyo hivyo. Mvua hii haitaki kukatika, na mie nimechoka kuwaambia nyamazeni, kwa hiyo nitawasimulia jambo la kutisha mnyamaze wenyewe. Biubwa, sogea hapa, acha kutafuna kucha. Mshamu, funga mlango wa mbele. Umefunga? Vizuri.

Hapo kale, wala si kale sana, alikuwapo Nguchiro. Mnamjua Nguchiro: kinyama kidogo, mwili mrefu, miguu mifupi, kila akivuka njia anakimbia kama mtu aliyechelewa harusini. Nguchiro alikuwa na mama yake mzazi, mguu mmoja mbovu, anatembea kwa bakora: ko, ko, ko. Alikuwa na mke. Alikuwa na binti mkubwa, Kidawa. Na alikuwa na kitindamimba, Kombo, ambaye ukimweka ndani ya kiatu huoni masikio.

Sasa, huyu Nguchiro mama yake alimlea kwa konokono. Konokono asubuhi, konokono jioni. Nyama akala mtoto, mama akanyonya maganda, akasema ameshiba. Nguchiro alijua kwamba hajashiba. Mtoto anajua, msidhani hajui. Akaapa moyoni: siku nyumba hii ikipata furaha, mama yangu atakula kamba, tena wale wakubwa wa kwa Bi Korongo, mpaka aseme basi.

Furaha ikaja. Kidawa akapata cheti cha ukunga. Mtihani wake ulikuwa kumzalisha Nungunungu, na hiyo si kazi ya mtu mwenye mikono milaini. Akazalisha watoto wanne, wakatoka salama, naye akatoka na vidonda. Nyumba nzima ikapiga vigelegele.

Nguchiro akasema, "Mama, vaa kanga yako nzuri. Leo tunakwenda kula kwa Mchina."

Bi Korongo alikuwa ndege mrefu aliyevuka bahari kutoka Uchina. Mabawa yalipochoka akatua kando ya mikoko, akafungua hoteli. Ndani mlikuwa na taa nyekundu za karatasi, na meza ya duara, na juu ya meza ubao mwingine wa duara unaozunguka: ukiusukuma kidogo, chakula kinakwenda kumtafuta mlaji. Kando ya mlango wa jikoni palikuwa na beseni kubwa la maji, na ndani ya beseni kaa wanane, weusi, wanene, kila mmoja amefungwa magando yake kwa uzi.

Kombo akauliza, "Shikamoo, Bi Korongo. Mbona umewafunga?"

"Marahaba, mwanangu. Hao nikiwafungua, mie mwenyewe napanda juu ya kabati."

Wakakaa. Bi Korongo akaleta kamba, bakuli moja moja mbele ya kila mtu, wamejaa mpaka juu, wekundu, wananukia kitunguu saumu. Akaleta samaki, changu mzima, kichwa na mkia, amepikwa kwa mvuke na tangawizi. Akamweka katikati, juu ya ule ubao.

Akasema, "Kwetu samaki huja mzima. Kichwa chake kikimwelekea mtu, huyo ndiye mgeni wa heshima."

Kichwa kikamwelekea Bibi, mama yake Nguchiro. Bibi akacheka kwa haya, akafunika mdomo kwa kanga. Kisha akachukua kamba wake wa kwanza tangu azaliwe, akammenya, akamnyanyua. Mdomo ukafunguka.

"Hodi."

Kamba akabaki hewani.

Jamani, kuna hodi na hodi. Hodi hii haikungoja karibu. Mlango ukafunguka, taratibu, nyaa! Pua ikatangulia. Masharubu yakafuata. Halafu madoa, na madoa, na madoa, yakawa yanaingia tu, hayaishi. Mwisho wake mkia.

Chui.

Chui akavuta kiti, akakiweka mlangoni hasa, akakaa. Kombo alikuwa hapo karibu. Chui akashusha mkono, pole pole, akauweka juu ya mkia wa Kombo. Kucha zikatoka: ta, ta, ta, ta. Hazikumchoma. Zilimshika tu.

"Nasikia mna sherehe," Chui akasema. "Nikasema, ndugu zangu wanasherehekea bila mimi? Sote wenye makucha ni ndugu. Mimi ni mjomba wenu."

Bibi akasema, "Kwetu sisi hakuzaliwa mtu mwenye madoa."

Chui akatabasamu. Heri asingetabasamu. Akahesabu kwa sauti ya chini: "Mmoja. Wawili. Watatu. Wanne. Watano." Akainama sikioni kwa Nguchiro, pumzi yake ya moto, inanuka mbuzi wa jana.

"Mpwa wangu, sikiliza. Vilivyo juu ya meza nitavila kwanza. Walio kando ya meza nitawala baadaye. Mtu akikimbilia mlango, naanza na huyu mdogo."

Nguchiro akaogopa. Msinitazame hivyo, hata mjanja huogopa. Mlango mmoja, na mlangoni Chui. Mama hawezi kukimbia. Mtoto ameshikwa mkia. Akamtazama Bi Korongo, na Bi Korongo naye anatetemeka mpaka manyoya yanadondoka.

Lakini alipomtazama akaona kitu. Akaona miguu ya Bi Korongo. Ilikuwa na udongo, udongo mbichi, na jani moja la kitunguu limenata kidoleni.

Nguchiro akajiambia, mvua haijanyesha humu ndani. Mwenye udongo miguuni ametoka bustanini, na huku mbele hakuna bustani.

"Mjomba," akasema, "umetuheshimu. Lakini sisi ni washamba, hatujui adabu za Wachina. Wewe bila shaka unazijua."

Hapo ndipo Chui alipokosea. Chui hajawahi kula mezani hata siku moja. Chui hula porini, manyoya na yote. Angesema "sizijui," ngano ingekwisha hapa, nao wangekwisha pia. Lakini nani mwenye madoa mazuri vile atakubali kuitwa mshamba?

Akavimba kifua. "Najua! Nimekula humu mara saba."

"Alhamdulillahi! Basi unajua kwamba samaki haguswi mpaka ubao uzungushwe."

"Najua."

"Na kichwa kikisimama mbele ya mtu, mtu huyo huinuka, akaenda jikoni kumshukuru mpishi. Na bakuli lake huachiwa mgeni mkubwa."

Chui akayatazama mabakuli. Moja, mawili, matatu, manne, matano, yote yamejaa. Akalamba pua. "Najua sana. Nimekula humu mara saba."

"Na kwa kuwa umekula humu mara saba, unajua kwamba jikoni hamna mlango mwingine. Anayeingia hana budi kurudi papa hapa."

Bi Korongo akafumba mdomo wake mrefu, akautazama ukuta.

"Hamna!" Chui akasema. "Nani asiyejua? Zungusha."

Nguchiro akausukuma ubao. Kwiri, kwiri, kwiri. Kichwa kikampita Kidawa, kikampita mke, kikampita Chui, na jicho jeupe la samaki likamtazama kila mtu kwa zamu. Nguchiro akaweka kidole kimoja chini ya ubao, mahali pasipoonekana. Tuli!

Kichwa kikasimama mbele ya Bibi.

"Mama, kamshukuru mpishi," Nguchiro akasema. "Na umwambie sahani ya mwisho ni ya mjomba. Mjomba hali kitu kilicholala. Anataka kaa freshi, kama walivyotoka majini."

Bibi akamtazama mwanawe. Mama mtu hahitaji kuambiwa mara mbili. "Na zile nyuzi?"

"Nyuzi gani?" Chui akauliza, mdomo umeshajaa.

"Nyuzi hukwama kwenye meno, mjomba. Washamba ndio hula na nyuzi zake."

"Hukwama sana! Ziondolewe. Nimekula humu mara saba."

Bibi akaushika upande wa kanga yake, akainuka. Ko, ko, ko, mpaka jikoni. Ko, ko, ko, ndani ya jikoni. Kisha bakora ikanyamaza. Nguchiro akajua imekanyaga udongo. Bi Korongo naye akalikokota beseni, akaingia nalo jikoni.

Chui akavuta bakuli la Bibi. Tafu, tafu, tafu. Akahesabu: "Mmoja. Wawili. Watatu. Wanne. Bibi yenu anachelewa."

"Wazee, mjomba. Shukrani zao ndefu."

Kwiri, kwiri, kwiri. Tuli! Kichwa kikasimama mbele ya mke. Mke akainuka. Hakutaka kwenda, maana anamwacha mwanawe mkia ukiwa chini ya kucha. Akasimama hapo. Akasimama. Nguchiro akamwambia kwa macho, nenda. Akaenda. Chui akavuta bakuli. Tafu, tafu, tafu. "Mmoja. Wawili. Watatu."

Kwiri, kwiri, kwiri. Tuli! Kichwa kikasimama mbele ya Kidawa. Kidawa akainuka na cheti chake kifuani, akaenda. Chui akavuta bakuli. Tafu, tafu, tafu. "Mmoja. Wawili."

Wakabaki watatu mezani: Nguchiro, Kombo, na Chui. Taa nyekundu zinaning'inia. Jikoni kimya.

Kwiri, kwiri, kwiri. Tuli! Kichwa kikasimama mbele ya Kombo.

Kombo akajivuta. Kucha zikazama kidogo. Kombo akasema, "Baba."

"Huyu mdogo hajui kushukuru," Chui akasema. "Huyu atakaa na mjomba wake."

Biubwa, hapo moyo wa Nguchiro ulianguka. Ulianguka kweli, nakuambia. Samaki anamtazama, mtoto anamtazama. Kama si lile bakuli la Kombo, sijui. Kombo kwa hofu hakuwa amegusa kitu. Bakuli lake lilikuwa limejaa, kamba juu ya kamba, na Chui alishaanza kulivuta kwa mkono mmoja.

Nguchiro akacheka. Alitaka kulia, akacheka. "Mjomba, unawala na maganda?"

Chui akasita. "Kwani?"

"Hapana, nimeuliza tu. Maana mstaarabu humenya kamba kwa mikono miwili, mmoja kichwani, mmoja mkiani. Anayetumia mkono mmoja husemwa mji mzima. Lakini wewe unajua, umekula humu mara saba."

Chui akakitazama kichwa cha samaki. Akatazama jikoni. Akautazama mkono wake ulio juu ya mkia wa mtoto. Tumbo likanguruma, ngrrr. Bakuli likanukia.

Akaunyanyua ule mkono.

"Najua," akasema, "nilikuwa nakupima tu." Akashika kamba kwa mikono miwili, kucha zikazama kwenye ganda. Kombo akateleza chini ya kiti, chini ya meza, kati ya miguu ya baba yake, fyuu, mpaka jikoni.

Tafu, tafu, tafu.

Chui akalamba bakuli. Akapangusa masharubu. Akahesabu. "Mmoja." Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Mmoja?" Akasikiliza. Jikoni hapakuwa na shukrani wala hapakuwa na bakora, ni maji tu yanadondoka, to... to... to.

"Mpwa wangu."

"Naam, mjomba."

"Wanashukuru kimya kimya?"

Chui akainuka, na kiti kikaanguka nyuma yake, kwa! Yale madoa yakaja juu ya meza, yakaja, yakaja, na Nguchiro akaona meno yote, hata ya nyuma. Akaona kwamba amefika. Akawaza, alhamdulillahi, wametoka. Akawaza pia, mama hakuonja.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Bi Korongo akaingia na sahani kubwa iliyofunikwa kawa, anatetemeka mpaka kawa linagonga sahani: ta-ta-ta-ta-ta. Akaitua mezani. Ubao ukazunguka wenyewe kidogo. Kwiri. Kichwa cha samaki kikasimama mbele ya Chui.

"Mgeni wa heshima," Bi Korongo akasema kwa kasauti kembamba.

Chui akajizuia. Ngozi ilimwasha kwa sifa. Hajawahi kuitwa hivyo. Popote apitapo watu huita "Chui! Chui!" wakakimbia.

Nguchiro akasema upesi, "Nami ukinila baada ya hapo, halali yako, mjomba. Lakini sahani ya heshima kwanza. Na ile ya heshima, unajua, mtu hufumba macho, akainamisha pua mpaka chini, kisha ndipo kawa hufunuliwa."

"Najua," Chui akasema. "Nimekula humu mara saba."

Akafumba macho. Akainamisha pua. Bi Korongo akafunua kawa.

Kaa wanane, wazima, hawana uzi hata mmoja.

Kwaap! Pua. Kwaap! Mdomo wa chini. Kwaap, kwaap! Masikio mawili. Kwaap! Masharubu ya kushoto. Chui akafungua kinywa alie, kwaap! Ulimi. Akaruka juu ya meza, ubao ukazunguka, kwiri kwiri kwiri kwiri, Chui naye anazunguka juu yake, madoa hayaonekani tena, taa zinaanguka, samaki anaruka, mchuzi ukutani. "Yaya! Yaya weee!" Bi Korongo alikuwa juu ya kabati. Nguchiro alikuwa hayupo.

Alipita jikoni, akapita mlango wa nyuma, akaingia kwenye bustani ya vitunguu. Akakimbia matuta mawili, akajikwaa juu ya bakora.

Bibi alikuwa amekaa chini, hapo hapo kwenye udongo.

"Mama! Nilijua umekwisha fika mbali!"

"Kwa mguu huu? Tena niende wapi, nawe umo ndani?" Wengine alikwisha watuma mikokoni. Yeye alibaki. Alikuwa analia, nyote mngelia. Akafungua fundo la kanga. Ndani mlikuwa na kamba watano, wamebondeka kidogo. Aliwachota wakati Chui anahesabu.

Nguchiro akambeba mama yake mgongoni, akakimbia, na Bibi huko juu akala kamba wake wa kwanza. Nyuma yao Chui bado analia. Nguchiro akauliza huku anahema, "Je, mama, watamu?"

Bibi akatafuna. Akameza. Akafikiri.

"Konokono ni watamu zaidi," akasema. "Lakini naongeza mmoja."

Mikokoni akagawa waliobaki, mmoja mmoja. Kaa nao walijiendea zao, walikuwa nyumbani. Na Bi Korongo, alipoulizwa kama kweli kwao mtu humshukuru mpishi kabla ya kula, akasema, "Kwetu haikuwapo. Sasa ipo."

Chui hakupona aibu yake. Ndiyo sababu mpaka leo, akipata nyama, huiburuta juu ya mti akala peke yake. Juu ya mti hakuna ubao unaozunguka, wala hakuna wa kumuuliza kama anajua. Na kabla ya kula huhesabu. Ukipita chini ya mti ukasikia mtu anahesabu, usingoje afike watano.

Basi, funzo la ngano hii. Sikilizeni vizuri, maana funzo ndilo jambo kubwa. Mgeni akibisha hodi, hata akiwa na makucha, mpeni kiti. Na mezani, wanangu, uongo haufai kabisa.

Unasemaje, Mshamu? Nguchiro alidanganya? Wapi alidanganya? Nguchiro alikuwa anazungusha ubao tu. Aliyesema uongo ni yule aliyekula humo mara saba, na mmeona yaliyompata. Mtoto huyu ana maswali.

Ngano yangu nimeitua hapo. Ikiwa tamu, ni yenu nyote. Ikiwa na miiba, nirudishieni, nina paka.

Meza?

— Ya duara!

Kiti?

— Cha mgeni!

Milango mingapi?

— Miwili!

Miwili. Vizuri. Mshamu amefunga wa mbele. Sasa niambieni, wa nyuma amefunga nani?